Mugeni na Mwenye Inchi: Mwanzo wa Falme za Kale Katika Inchi ya Lualaba



Jioni, watu wa Kolwezi wakiisha kazi na kukaa pamoja, kuna swali moja linalorudi mara nyingi: inchi hii ni ya nani? Mumoja anajibu: ni ya Basanga, kwa sababu wao walifua mukuba hapa tangu zamani. Mwingine anasema: ni ya Balunda, kwa sababu nguvu ya Mwant Yav ilifika Lualaba na kuvuka. Wa tatu anataja Baluba na mufalme wao Kalala Ilunga. Halafu wanamugeukia mukatekista, ao mufratri aliyekuja likizo, na kumwambia: Wewe uliyesoma, utuambie.

Mutu yule atajibu nini? Kama hajui habari za kale, atanyamaza, ao atasema sawa na watu wa kabila lake. Kunyamaza si vizuri, na kupendelea ni vibaya zaidi. Kwa hiyo tunataka kuchunguza namna falme za kwanza za inchi yetu zilivyozaliwa. Tutauliza mashahidi wawili: udongo wenye makaburi ya wazee, na hadisi zilizolindwa na wazee wa baraza. Mashahidi hao hawasemi maneno yale yale, lakini ukiwasikiliza wote wawili utaona kwamba wanakubaliana juu ya neno moja: katika inchi hii ufalme haukufanywa na mwenye inchi peke yake, wala na mugeni peke yake.

I. USHUHUDA WA MAKABURI

Muto Lualaba unatoka kusini, unapita si mbali na Kolwezi, unashuka kwa nguvu katika magenge ya Nzilo, halafu unafika Bukama. Kutoka Bukama maji yanatulia. Muto unaingia katika bonde pana lenye maziwa mengi, na kati yao ziwa Upemba na ziwa Kisale. Pale samaki ni wengi, na kila mwaka maji yanapanda na kuacha udongo muzuri wa kulima. Katika bonde hilo watu wengi waliweza kukaa pamoja bila kuhamahama.

Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1958 Jean Hiernaux aliendelea na kazi ile. Mwaka 1974 Pierre de Maret alirudi Sanga, na mwaka 1975 akachimba pahali pengine katika bonde lile lile, kama vile Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kazi yao ilionyesha kwamba watu wamezika wafu wao pale bila kukatika tangu karne ya 6 ao ya 7 kisha Kristu. Vyungu vinabadilika polepole, mapambo yanabadilika, lakini hakuna alama ya watu wote kufukuzwa na wengine kushika pahali pao.

Tuangalie vitu vilivyomo. Katika kaburi moja la Kamilamba, lenye zaidi ya miaka elfu moja, mufu aliwekewa karibu na kichwa fuawe, ndiyo kile chuma ambacho mufuaji anafulia juu yake, na tena shoka la heshima lenye mupini uliopambwa kwa misumari. Mutu halimi wala hakati miti kwa shoka la namna ile. Ni shoka la mukubwa. Na mupaka wakati wa babu zetu, shoka na fuawe vilibaki alama za usultani kwa Baluba. Alama hizo, basi, zilikuwa zimekwisha kuwa katika inchi karne nyingi kabla ya watu kusimulia habari za wafalme wanaojulikana kwa majina.

Kati ya karne ya 10 na ya 13 makaburi yanazidi kuwa na vitu: vyungu vingi, mapambo ya chuma na ya mukuba, pembe, shanga. Wafu wengine wana vichache, wengine wana vingi. Na kuna makaburi ya watoto wadogo yenye mali nyingi. Fikiri juu ya neno hilo. Mutoto hakuvua samaki, hakupigana vita, hakufua chuma. Kama alizikwa kwa heshima kubwa, ni kwa sababu alizaliwa katika nyumba ya heshima. Pale ndipo ukubwa umeanza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

II. MUKUBA UNAOUNGANISHA WATU

Katika matope ya Kisale hakuna mukuba. Ule uliopatikana katika makaburi ulitoka katika milima ya kusini, katika mukanda unaoanzia upande wa Kolwezi na kupita Likasi na Lubumbashi mupaka Zambia. Kutoka migodi hii mupaka ziwa Kisale ni safari ya zaidi ya kilometa 200. Wavuvi na wafuaji wa mukuba walihitaji kupatana, kwa sababu samaki wakavu na chumvi vilikwenda upande mumoja, na mukuba ukarudi upande mwingine.

Kazi ya mukuba ni ya zamani sana. Pale Naviundu, karibu na Lubumbashi, watu walikuwa wakiyeyusha mukuba katika karne ya 4 kisha Kristu. Upande wetu, Jules Cornet, fundi wa majiwe aliyefika mwaka 1892, aliona milimani mashimo mengi yaliyochimbwa na wazee. Machimbo makubwa ya siku za kisasa yalifunguliwa pahali pale pale. Monsenyere Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto, aliandika mwaka 1926 juu ya mafundi hao, akawaita "walaji wa mukuba", kwa kufuata lugha ya wenyewe, maana kwao kufanya kazi ya mukuba ni "kula mukuba". Walifanya kazi wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia gala. Walichimba majiwe ya kijani, walichoma makaa, walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta. Kazi ilikuwa na mukubwa wake, na masharti yake, na maombi kwa wazee waliokufa. Mutu hakujichimbia tu kama alivyopenda.

Mukuba ulimiminwa kwa mufano wa musalaba wenye mikono minne iliyo sawa. Wasikudanganye wanaosema kwamba ni alama ya Wakristu wa kale waliopotea huku. Misalaba ile ilikuwa mali. Katika makaburi ya Upemba, kuanzia karne ya 13 ao ya 14, kwanza tunakuta misalaba mikubwa, imewekwa juu ya kifua cha mufu. Baadaye inakuwa midogo, mingi, ya kipimo kimoja, nayo imewekwa karibu na mukono ao kiuno, pahali mutu anapochukua mali yake ya kununulia. Ndiyo feza ya inchi hii, iliyotumiwa kabla ya franga yoyote.

Basi ushahidi wa udongo ni huu: ufalme haukushuka siku moja kutoka mbinguni wala kutoka Misri. Wenye inchi wenyewe, wavuvi, wakulima na wafuaji, waliujenga polepole kwa karne nyingi, kwa samaki, kwa chuma, kwa chumvi na kwa mukuba.

III. HADISI YA BALUBA

Lakini hadisi inasimulia neno lingine. Inasema kwamba zamani alitawala Nkongolo Mwamba, mutu mwekundu, mukali, aliyekaa Mwibele karibu na ziwa Boya. Alikunywa sana, alikula mbele ya watu wote, alicheka kinywa wazi, na alikata viungo vya watu kwa kupenda kwake tu. Akafika muwindaji kutoka mashariki, jina lake Mbidi Kiluwe. Alikuwa mupole na mwenye adabu. Hakula mbele ya watu. Nkongolo alipomucheka kwa desturi ile, Mbidi aliudhika, akarudi kwao. Lakini alikuwa amekwisha kuoa dada za Nkongolo, Bulanda na Mabela, na Bulanda akamuzalia mwana: Kalala Ilunga.

Kijana yule akakua kwa mujomba wake, akamushinda katika michezo na katika vita. Nkongolo akamuonea wivu. Akachimba shimo, akalitia mikuki, akalifunika kwa mukeka, akamwalika acheze ngoma juu yake. Lakini mupiga ngoma alimuonya kwa sauti ya ngoma yenyewe. Kalala Ilunga akaruka, akakimbia, akavuka Lualaba, akaenda kwa baba yake. Baadaye akarudi na jeshi. Nkongolo akashikwa na kukatwa kichwa, na Kalala Ilunga akatawala kutoka Munza.

Wasomaji wa haraka wanasema: Tazama, mugeni alikuja kuleta ufalme kwa watu wasiokuwa na kitu. Lakini tumekwisha kuona makaburini kwamba kitu kilikuwako. Hadisi yenyewe pia haisemi vile. Kalala Ilunga si mugeni. Ni mwana wa mugeni na wa dada ya mwenye inchi. Baba alimupa adabu ya utawala, mama alimupa inchi. Angekosa mumoja wao, asingekuwa mulopwe.

Tena hadisi haifundishi kwamba mwenye nguvu ndiye mufalme. Nkongolo alikuwa na nguvu kuliko wote. Alichokosa ni kujizuia. Kwa Baluba, bulopwe ni damu ya heshima pamoja na masharti. Mulopwe anakula peke yake, na hawezi kutawala bila wakubwa wake: Inabanza anayelinda vitu vitakatifu vya ufalme, Twite, Kalala wa vita, na wengine. Chama cha Bambudye kililinda habari za wafalme kwa lukasa, ubao wenye shanga ambao mujuzi aliusoma kwa vidole, na habari zile zilimukumbusha mulopwe wajibu wake pia. Katika karne ya 18 ufalme huo ulipanuka sana, na Muingereza Verney Lovett Cameron, aliyekaa pale Kilemba katika miaka 1874 na 1875, aliukuta chini ya Kasongo Kalombo.

IV. RUWEJ NA MUWINDAJI

Tuelekee sasa magharibi, katika bonde la muto Nkalany, upande wa Kapanga. Balunda wanasimulia kwamba sultani muzee alikuwa akisuka mukeka, na chungu cha maji pembeni. Wana wake, Kinguri na Cinyama, walirudi wamelewa. Wakayaona maji yale kuwa pombe, wakamutukana na kumupiga baba yao kwa sababu alikataa kuwapa. Binti yake Ruwej alimutunza. Kwa hiyo muzee alimupa Ruwej lukanu, bangili ya usultani, akawanyima wana wake.

Akaja muwindaji kutoka kwa Baluba, Cibind Yirung, ndiye Cibinda Ilunga, ambaye Baluba wanamuhesabu kuwa wa nyumba ya Kalala Ilunga. Ruwej akaolewa naye. Siku moja, alipotengwa kwa desturi ya wanawake, alimupa mume wake lukanu ailinde. Ndugu zake walikasirika, wakaondoka na watu wao kwenda magharibi na kusini, na hadisi za makabila ya Angola zinawataja mupaka leo. Ruwej hakuzaa. Akamupa mume wake mwanamuke mwingine, na mwana wa yule ndiye mwanzo wa Mwant Yav wote.

Angalia tena: muwindaji hakushika lukanu kwa mukuki. Alipewa. Na ukoo wa Ruwej haukufutwa: katika baraza la Musumba cheo cha Swana Mulunda, mama wa Balunda, kinashika nafasi yake.

Balunda walitengeneza pia sheria mbili zilizowawezesha kufika mbali. Ya kwanza: anayeshika kiti anakuwa mutu yule yule aliyekitangulia, na jina lake, na undugu wake. Kama wakubwa wawili wa kwanza walikuwa baba na mwana, walio nyuma yao watakuwa baba na mwana hata baada ya miaka 200. Hivi makabila mageni yaliingia katika ufalme kwa njia ya undugu. Sheria ya pili: sultani wa kwanza wa pahali, mwenye udongo, hakuondolewa. Mujumbe wa Mwant Yav alikusanya kodi, lakini mwenye udongo aliendelea kuombea mashamba na kuwaheshimu wazee waliozikwa pale. Hata aliyeshindwa alibaki na kazi ambayo mushindaji hakuweza kuifanya.

V. MATAIFA MENGINE

Je, mambo haya ni ya Afrika tu? Hapana. Katika inchi ya Wahindi, kando ya muto Ganges, karne 6 hivi mbele ya Kristu, makabila ya wafugaji yalikuwa yamekwisha kukaa na kulima. Inchi ya kila kabila iliitwa janapada, maana yake pahali kabila lilipotia muguu. Vitabu vya kale vya Wabuda vinahesabu inchi kubwa 16 za namna hii. Nyingine zilikuwa na wafalme. Nyingine, kama ile ya Vajji, zilitawaliwa na baraza la wakubwa. Mwishoni Magadha ilizishinda zote. Mufalme wake Bimbisara alikaa Rajagriha. Karibu na Magadha kulikuwa milima yenye chuma, na muto ulileta wafanya biashara na kodi. Utaona kwamba ni njia ile ile: muto, mashamba mazuri, chuma milimani, feza ya kipimo kimoja, halafu mufalme. Wahindi hawakujifunza kwetu, wala sisi kwao. Mungu aliwapa watu wote akili moja.

Na taifa la Israeli? Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8, watu wanaomba mufalme sawa na mataifa mengine, na Samweli anawaonya kwamba atatwaa wana wao, mashamba yao na mifugo yao. Kumbukumbu la Sheria, sura ya 17, inaweka mipaka: mufalme asijiongezee farasi, wake, feza na zahabu, wala asijione mukubwa juu ya ndugu zake. Wazee wetu hawakusoma Sheria ile. Lakini walipomukataa Nkongolo kwa sababu hakujizuia, waliona kwa mbali neno lile ambalo Mungu aliwaonyesha Waisraeli wazi.

VI. AGANO LIKIVUNJWA

Historia inaonyesha pia watu waliovunja mapatano. Balunda wanasimulia juu ya Mutanda, aliyewekwa huku Lualaba na Mwant Yav, akaficha chumvi ya inchi kusudi bwana wake asipate. Chinyanta alipoitoa siri, Mutanda alimutupa katika muto Mukulweji. Cheo cha Kazembe kikapewa ukoo wa Chinyanta, nao wakaenda mashariki kuanzisha ufalme wa Luapula. Mutanda alipoteza cheo kwa sababu ya chumvi aliyotaka kuila peke yake.

Katika miaka 1806 mupaka 1811 wafanya biashara wawili wa Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walisafiri kutoka kwa Mwant Yav mupaka kwa Kazembe, na mupaka Tete. Baptista aliandika juu ya majiwe ya kijani yaliyoitwa "katanga". Jina la majiwe yale lilijulikana kwa wageni, na wageni wengine wakafuata.

Msiri alikuwa mumoja wao. Alitoka kwa Wasumbwa, katika Tanzania ya leo, baba yake akiwa mufanya biashara ya mukuba. Kwanza alipokelewa na wasultani wa inchi. Lakini kule Bunkeya aliuza watu na pembe, akamwaga damu, mupaka Basanga wakamuasi mwaka 1891. Waliofika mwaka ule kwa jina la Leopold II walikuta ufalme umekwisha kupasuka, na Msiri akauawa tarehe 20 Desemba 1891. Aliyepokelewa kama Mbidi Kiluwe alikuwa amegeuka Nkongolo.

Na sisi? Mwaka 1992 pale Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wa asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hapa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala karibu na stesheni za gari la moshi kwa siku nyingi, wakingoja mabehewa. Wengi walikufa, hasa watoto. Waliofanya hivyo walisema: sisi ni wenye inchi. Kati yao walikuwamo Wakristu waliobatizwa, na walipokea Komunio pamoja na wale waliowafukuza. Wazee wengi wa Kasai nao wanasimulia kwamba babu zao walitoka upande wa Baluba wa Lualaba. Kwa hiyo waliofukuzwa walikuwa ndugu katika hadisi ile ile iliyotumiwa kuwafukuza.

VII. MASHAURI KWA WACHUNGAJI

Basi, ndugu, ukiulizwa jioni inchi hii ni ya nani, usiogope kujibu. Kwanza, sema kwamba wenye inchi waliijenga kwa kazi ya karne nyingi, na wanastahili heshima, wao na wazee wao waliozikwa ndani yake. Neno hili linamuhusu pia anayekuja leo kutafuta mukuba na kobalti. Mwenye mashine kubwa asiyekaa na wenye udongo kupatana nao hajawa mukubwa wa inchi. Ni mupita njia tu.

Pili, sema kwamba hakuna ufalme mumoja wa inchi hii usio na mugeni katika nyumba yake. Anayejivunia Kalala Ilunga anajivunia mwana wa mugeni. Anayejivunia Mwant Yav anajivunia muwindaji aliyefika kwa miguu na kupewa mukono. Akimuchukia mugeni, anamutukana babu yake mwenyewe.

Tatu, kumbuka kwamba nasi tutapewa ukubwa: parokia, shule, kijiji. Watu watatupima kwa kipimo ambacho wazee walimupima Nkongolo. Hawatauliza kwanza tunatoka kabila gani. Watatazama namna tunavyokula, tunavyocheka, na tunavyowatendea wasio na nguvu. Na sisi tunaye Bwana aliyewaosha miguu rafiki zake kabla ya kwenda kutawala juu ya musalaba.